Naombeni msaada: "make" inakaa na maneno gani? Naikosea kila siku

Mwanarungwe
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nipo Tukuyu, kazi yangu kupandisha wageni Ziwa Ngosi. Kiingereza nimesoma hadi kidato cha nne na wageni tunaelewana, ila "make" na "do" zinanitesa.

Juzi tumefika juu ukingoni, ukungu umefunika ziwa lote. Nikawaambia wageni, "Let us do a decision," tusubiri au tushuke. Walinielewa, lakini bosi akanikatiza palepale: "MAKE a decision!" Jioni nikamwandikia kuomba radhi, "I did a mistake." Nayo ikarudi imesahihishwa. Iliniuma sana.

Darasani tuliambiwa "make" ni kutengeneza, "do" ni kufanya. Sasa kosa si linafanywa? Uamuzi je? Kuna kanuni au nikariri tu? Wiki ijayo nina usaili.

Mama Mafinga
Marahaba mwanangu, pole. Nimefundisha somo hili miaka mingi na kosa lako nalijua vizuri: unatafsiri neno mojamoja.

Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuuliza kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki na tunapiga mswaki, utamjibu nini? Neno limeshazoea wenzake, basi. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliliandika hilo mwaka 1957, kwamba neno utalijua kwa maneno linaloandamana nayo.

Kwa hiyo usiandike "make" peke yake kwenye daftari. Andika jozi nzima: make a mistake, make a promise, make a plan, make noise, make friends, make progress, make a phone call. Upande wa pili: do homework, do the dishes, do business, do your best, do someone a favour.

Kuna dalili moja inayosaidia. Mara nyingi "make" huacha kitu ambacho hakikuwepo: ahadi, kelele, uamuzi, hata kosa. "Do" inaishia kwenye kazi yenyewe. Ila usiiegemee sana, maana "make the bed" ni kutandika kitanda, wala si kukichonga.

Na kwenye kamusi usianzie "make", utapotea. Fungua "decision", mfano wa sentensi utakuonyesha kitenzi chake.

Kijana wa Uyole
Kwa kazi yako usisahau "take". Picha ni "take a photo", mapumziko njiani "take a break". Hizo utazisema kila siku.

Mkwawa Road
Naongezea kitu kutoka huku Iringa, maana wageni hupenda kuuliza vitu vimetengenezwa kwa nini. Kikapu ni "made of bamboo", kwa sababu ukikishika mwanzi unauona. Ulanzi ni "made from bamboo sap": utomvu umeshachacha, umekuwa kitu kingine. Karatasi nayo ni "made from wood", gogo hulioni tena.

Mwanarungwe
Asanteni sana, hiyo ya kikapu na ulanzi imeniingia moja kwa moja. Mama, swali la mwisho. Nikisema "The rain made us to wait" ni sawa?

Mama Mafinga
Ondoa "to". "The rain made us wait." Hiyo "to" inarudi pale tu sentensi ikigeuka: "We were made to wait." Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi walikuwa wanapoteza alama. Hebu tunga yako, tumia "make" mara mbili.

Mwanarungwe
"The fog made us wait for one hour, then we made a decision to go down."

Mama Mafinga
Sahihi kabisa. Kesho niletee tano, zote za huko mlimani, na mbili ziwe za "do".