Naomba ushauri: maswali ya soko Lubumbashi na Ndola

Bandugu, jambo yenu. Niko Lubumbashi, mi na dada yangu tunafunga unga ya bukari (ugali), mahindi na muhogo pamoja, mufuko ya kilo 5, sasa tunataka kujua kama upande ya Zambia batainunua. Tulitunga maswali 12 kwa Kifaransa, tukaigeuza Kiswahili ya huku, na rafiki mumoja wa Ndola akaitia mu Kibemba. Huku tuliuliza watu 40, kule 35.

Shida ni ile swali ya kutoa pointi 1 mpaka 5. Kule karibu bote bamepiga 5, hata mama mumoja nilimuona na macho yangu anaonja kidogo na kusukuma sahani pembeni! Ni heshima kwa mugeni ama? Na bei (kosa yangu) niliuliza kwa franka, batu ba kwacha bakabaki kuhesabu ku simu.

Nilipatia mutu mwingine arudishe Kibemba mu Kifaransa bila kuona ile ya kwanza: "utainunua" ikarudi "unaipenda".

Sasa nirudilie yote kule na muulizaji wa palepale, ama naweza kulinganisha majibu hivi hivi? Na bila pointi, munaulizaka namna gani mutu aseme ukweli?