Filamu fupi, tunarekodi Uyole na Tukuyu mwezi Julai: siku 3 zinatosha?

Mdau_Uyole: Wakuu, salaam. Skripti ina kurasa 12, waigizaji wanne. Sini nyingi ni za alfajiri shambani na jikoni kwenye moto wa kuni. Kamera ni moja. Tupangeje ratiba, na huu ukungu wa huku hautatuangusha?

Shoti_Pana: Ukurasa mmoja hukadiriwa dakika moja ya filamu; kurasa 12 kwa siku 3 ni kurasa 4 kwa siku. Zinatosha ikiwa orodha ya shoti imekamilika kabla hamjatoka nyumbani. Msifuate mtiririko wa hadithi, fuateni lokesheni: sini zote za jikoni siku moja, ya mwanzo na ya mwisho pamoja. Mtu mmoja awe na kazi moja tu, kupiga picha za kumbukumbu kila shoti inapoisha: kitenge kimefungwa upande gani, chai imebaki kiasi gani kikombeni, kuni zimeungua mpaka wapi. Hayo mhariri hayawezi.

Ukungu ni mapambo ya bure, ila jua likipanda unayeyuka, basi anzeni na shoti pana, zile za kuonyesha mandhari yote. Za karibu zitasubiri. Hatari iko mkiingia jikoni. Lenzi iliyopoa ikikutana na joto na mvuke wa sufuria inafunga umande papo hapo. Fungeni kamera kwenye mfuko wa plastiki mkiwa bado nje, ingieni nayo, msiufungue kama nusu saa hivi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, baridi inazimaliza haraka.

Fundi_Sauti: Wekeni kamera fremu 25 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka 1/60, taa za tyubu zinapepesa kwenye picha na kuziondoa baadaye ni mateso. Maiki ivalishwe manyoya ya kuzuia upepo, na kila lokesheni rekodini ukimya wake sekunde 30 wa kuziba mapengo ya sauti wakati wa kuhariri. Tukuyu mvua haiombi ruhusa hata Julai: ikigonga bati, maongezi yamekwisha, hamieni sini isiyo na maneno.

Mdau_Uyole: Shukrani sana. Na vibali?

Shoti_Pana: Bodi ya Filamu kabla ya kurekodi, na filamu ikikamilika inarudi kwao kukaguliwa na kupewa daraja. Mwenyekiti wa mtaa naye aambiwe mapema. Mkitamani kurekodi Kitulo, ile ni hifadhi ya taifa, ongeeni na TANAPA, shirika linaloisimamia.

Fundi_Sauti: Kadi ya kamera isifutwe mpaka nakala mbili zifunguke kwenye diski tofauti. Na picha ifungwe, yaani ukataji wake ukamilike, kabla hamjagusa muziki na rangi. Ukikata hata sekunde 2 baadaye, sauti yote inayofuata inahama.