Baba kafanyiwa upasuaji wa mshipa wa mguu, sasa anaweweseka na hatutambui. Naombeni ushauri

Fundi Mdogo wa Tabata

Wakuu, habari za muda huu.

Mzee wangu ana miaka 71. Kisukari anacho siku nyingi, na sigara kaziacha juzi tu kwa kulazimishwa. Kidonda cha kidole gumba kilikataa kupona, mguu ukawa wa baridi, usiku halali kwa maumivu. Vipimo vikaonyesha mshipa wa damu wa pajani umeziba. Jumanne akapasuliwa hapa hapa Dar: wamechukua mshipa kutoka mguuni mwake mwenyewe, wakautumia kama njia ya mchepuko ili damu ifike chini. Mguu umeshapata joto na daktari karidhika nao.

Tatizo ni kichwa. Jumatano aliongea vizuri, hata akauliza kama kodi ya fremu imelipwa. Usiku wa kuamkia Alhamisi akabadilika. Alichomoa dripu, akawa ananiita kwa jina la marehemu kaka yake, anasema kuna watoto wamekaa juu ya kabati. Mzee ni fundi cherehani, miaka yote yuko Kariakoo. Sasa anashika ncha ya shuka, analamba vidole, anatunga uzi ambao haupo kwenye sindano ambayo haipo. Akimaliza, anaanza kushona. Asubuhi anatulia, ukiingia jioni ni mtu mwingine. Jana nimekuta wamemfunga mikono kwa bandeji kwenye kitanda.

Baba mdogo anasema mzee kachezewa, tusaini tumtoe twende naye Mkuranga kwa mganga. Shangazi anasema nusu kaputi ilizidi. Mama analia tu. Je, akili itarudi? Na tumtoe au tumwache?

Kisu Butu

Kisukari nacho kikishuka mtu anaongea na ukuta. Wamempima sukari?

Fundi Mdogo wa Tabata

Wanapima kila baada ya saa kadhaa mkuu, iko sawa.

Mama Wawili Mbagala

Pole sana kaka. Usidharau anachosema baba yako mdogo, sisi Waafrika tunajua mambo haya yapo. Ila usimtoe mtu mwenye mshono mbichi. Dua hata wodini zinafika.

Nesi wa Zamu

Pole mdogo wangu. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, na uliyoyaandika nayajua kama njia ya kwenda nyumbani.

Hali hiyo madaktari wanaiita deliriamu. Huja ghafla, mara nyingi ndani ya siku tatu za mwanzo baada ya upasuaji, na hupanda na kushuka: asubuhi nafuu, usiku balaa. Kichaa hakiji hivyo, na usahaulifu wa uzeeni unaingia polepole kwa miezi na miaka. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie baba yako "ameshakuwa chizi". Ubongo umezidiwa na kitu kinachoendelea mwilini, kazi yenu na ya daktari ni kukitafuta.

Wagonjwa wa mishipa ya damu wanapatwa zaidi kuliko wengi. Mshipa ulioziba mguuni hauzibi peke yake, hata ile ya kichwani na ya figo inakuwa imeshakakamaa. Weka juu yake umri, kisukari, sigara iliyokatwa ghafla, damu iliyopotea, maumivu, dawa kali za maumivu, na usiku wodini taa zinawaka hakuna kulala. Shangazi anailaumu nusu kaputi, ni kweli inachangia, lakini mara chache inakuwa peke yake.

Muulize daktari wa zamu, kwa adabu ila usiondoke bila jibu: oksijeni ikoje, damu imeshuka kiasi gani, chumvi za mwilini na figo vimepimwa, kuna homa au maambukizi kwenye mkojo, kifua au kidonda? Amepata choo lini? Unaweza kucheka, lakini nimeona wazee wakirudiwa na akili baada tu ya kusaidiwa kupata choo au mkojo uliobana kutolewa. Na mrija wa mkojo kama hauhitajiki tena, utolewe.

Hilo la kufungwa mikono mimi silipendi. Najua kwa nini wenzangu wanafanya, nesi mmoja usiku na wagonjwa wodi nzima, dripu ikichomolewa damu inamwagika. Lakini aliyefungwa anahangaika zaidi. Omba kibali ndugu mmoja akae naye usiku, mfungue kamba mkiwepo.

Swali muhimu kabla sijaendelea: mzee anakunywa pombe? Na nyumbani alikuwa anatumia dawa gani, zote, hata zile za kununua duka la dawa bila cheti?

Fundi Mdogo wa Tabata

Pombe hagusi dada, ni swala tano. Dawa za sukari na presha zimeandikwa kwenye faili. Ngoja nimuulize mama.

Kisu Butu

Hapo kwenye pombe watu wengi wanaongopa. Baba wa rafiki yangu familia nzima iliapa hanywi, siku ya tatu anatetemeka, jasho, anakimbiza panya wasioonekana. Kumbe gongo kila jioni.

Nesi wa Zamu

@Kisu Butu ni kweli, na hiyo inaua. Aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla, kati ya siku ya pili na ya nne ndiyo hatari kubwa. Daktari akijua mapema ana dawa yake.

Abiria wa Pantoni

Fundi, mimi nitakusimulia kutoka upande wa kitandani, maana mgonjwa nilikuwa mimi. Mshipa mkubwa wa tumboni ulivimba ukawa unataka kupasuka, wakanifungua. Nilipoamka ICU, wodi ya mahututi, nilikuwa na uhakika niko kwenye pantoni ya Kigamboni. Ile mashine ilivyokuwa inalia nilijua ni honi. Manesi niliwaona wakata tiketi, na nilikuwa sina nauli. Ndiyo maana nilikuwa napigana wakinishika, nilijua wananitupa baharini! Mke wangu alikuja akaanza kubishana na mimi, "hapa hospitali, hapa hospitali", nikaona na yeye kahongwa.

Aliyenisaidia ni binti yangu. Hakubishana. Alinishika mkono akasema, "Baba, ni mimi, leo Ijumaa, umepasuliwa, mama yupo nje." Kila akija, maneno yale yale. Halafu akanivalisha miwani. Ndugu yangu, ile miwani walikuwa wameipeleka nyumbani isipotee, na bila miwani mimi pazia naliona mtu. Muulize mama miwani ya mzee iko wapi, na fundi cherehani wa umri huo hakosi miwani.

Nilikaa hivyo siku kadhaa. Nilivyopata akili niliona aibu kuliko maumivu, maana vipande vipande nakumbuka nilichowatukana. Kwa hiyo watoto wasichukue video, tafadhali. Mimi nilitumiwa yangu kwenye grupu la ukoo.

Mama Wawili Mbagala

Eti kahongwa 😂 pole lakini. Umenielimisha.

Fundi Mdogo wa Tabata

Nimerudi wakuu. Miwani iko kwenye droo ya cherehani nyumbani, naipeleka leo.

Na mama kasema kitu ambacho sisi watoto hatukuwahi kukijua. Mzee ana miaka anameza kidonge cha usingizi kila usiku, anauziwa na kijana wa duka la dawa karibu na fremu. Mama kaniletea karatasi yake, imeandikwa diazepamu. Hospitali hawajui. Nimpelekee kimoja usiku huu alale?

Nesi wa Zamu

USIMPE. Chukua hiyo karatasi mpelekee daktari sasa hivi, usisubiri muda wa kuona wagonjwa, piga simu wodini ukishindwa.

Dawa za jamii hiyo kwa kawaida zinaongeza kuweweseka, kwa hiyo wazee waliopasuliwa hatupendi kuwapa. Lakini aliyezimeza miaka mingi akikatishwa ghafla, mwili unagoma kwa namna hiyo hiyo unayoiona, na anaweza kupata degedege. Daktari ndiye atakayepima: arudishiwe kiasi gani na kupunguzwa vipi. Wewe ukimpa kwa siri juu ya sindano za maumivu, anaweza kusahau kupumua.

Vilevile msimletee vidonge vya mafua au mzio vile vinavyoleta usingizi. Kwa mzee vinavuruga kichwa.

Kisu Butu

Sasa miwani na kushikwa mkono ni tiba kweli, dada? Au ni kufariji watu?

Nesi wa Zamu

Swali zuri. Utafiti wa Yale, Marekani, uliochapishwa 1999, ulifuata wazee 852 waliolazwa. Kundi moja walikumbushwa siku na mahali, walipewa miwani na vifaa vya kusikia, maji ya kunywa, waliinuliwa watembee, na usiku waliachwa walale. Deliriamu iliwapata asilimia 9.9, na wenzao wa huduma ya kawaida 15. Hao hawakuwa wagonjwa wa mishipa na ilikuwa kukinga, ikishaanza ni kazi ngumu zaidi. Ila hakuna sindano ninayoijua inayoifuta. Ile ya kutuliza anapewa aliye hatarini kujiumiza, kidogo, basi.

Fundi Mdogo wa Tabata

Mrejesho: daktari kaichukua karatasi, kaandika dawa upya, kachukua damu na mkojo. Mkojo una maambukizi, kaanza dawa. Kibali cha kulala tumepata, mtu mmoja. Baba mdogo nimemwambia asome maelezo ya Abiria, kanyamaza, kasema Mkuranga isubiri.

Jana usiku bado alishona, ila kwa muda mfupi. Nimemuuliza anashona nini, kasema suruali ya mteja wa Ilala, na kweli mteja huyo yupo, anadai tangu mwezi uliopita. Akirudi nyumbani, tuangalie nini?

Nesi wa Zamu

Usahaulifu na usingizi wa kukatika unaweza kuburuza wiki kadhaa, hata miezi, na wapo wasiorudi walivyokuwa, hasa kama kumbukumbu ilikuwa imeanza kufifia. Mwambieni daktari wa kliniki ampime kumbukumbu. Angalia pia akizubaa mno, analala mchana kutwa, chakula hagusi: hiyo nayo ni deliriamu, na watu huiacha wakidhani anapumzika. Uso ukipinda, mkono mmoja ukilegea au ulimi ukiwa mzito, huo ni kiharusi mpaka daktari aseme sicho, mkimbizeni. Mguu ukirudi baridi, hivyo hivyo.

Abiria wa Pantoni

Na huyo mteja wa Ilala mshonee wewe hiyo suruali.

Fundi Mdogo wa Tabata

Nimeshaikata mkuu 😅