MREJESHO: Mdogo wangu mrefu mwenye shida ya macho, jibu tumepata

Wakuu nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza kuhusu mdogo wangu wa miaka 17, mrefu kuliko wote nyumbani, vidole virefu, lenzi ya jicho imehama, na marehemu mzee wetu alidondoka ghafla shambani tukaambiwa presha. Kuna ndugu alisema apimwe moyo haraka, Mungu akubariki sana.

Tukaenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akapigwa eko (picha ya moyo), aota, yaani mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo, imetanuka hadi sentimita 4.3. Ni ugonjwa wa Marfan, wa kurithi, kasoro iko kwenye jini la FBN1 linalotengeneza protini inayoshikilia tishu za mwili, ndo maana macho, viungo na mshipa mkubwa vyote vinalegea. Mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi 50 kwa 100.

Kaanzishiwa dawa ya losatani, eko kila miezi sita, aota ikifika sentimita 5 ni upasuaji. Basketi ndo basi tena, hiyo imemuuma kuliko vyote, alilia siku mbili dogo.

Mimi nimepima niko salama. Dada ana mimba ya miezi minne na hajapima, Jumatatu tunampeleka maana ujauzito unaielemea aota. Naomba dua zenu.