Joto la bati kwenye fremu ya kupanga: mifuko ya gesi, foili yenye mapovu au stairofomu?

MwenyeDuka_Igoma

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la dawa muhimu hapa Igoma, Mwanza, kwenye fremu ya kupanga iliyoezekwa kwa bati, na kuanzia saa sita mchana humo ndani hapakaliki. Kinachonisumbua zaidi ni dawa zenyewe, kwa sababu pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na kipimajoto nilichokining'iniza kwenye rafu ya juu huvuka hapo karibu kila siku ya jua. Nataka kihami joto ambacho siku nikihama nitakifungua na kuondoka nacho, maana dari ya jipsamu ikishapigwa inakuwa mali ya mwenye nyumba.

Nimependekezewa vitu vitatu: karatasi ya foili yenye mapovu ya hewa, ile inayouzwa kwa roli, vibao vya stairofomu, na mifuko iliyojazwa gesi ya agoni na kufungwa. Hili la tatu ndilo linalonivutia, kwani nimesoma kwamba Wamarekani walitengeneza paneli za namna hiyo, na shemeji yangu anayechomelea chuma kisichoshika kutu anao mtungi wa agoni. Nataka kununua mwisho wa mwezi. Naombeni ushauri.

FundiPaa_Nyakato

Ndugu, swali lako halijibiki likiwa hivyo. Fremu ina ukubwa gani? Kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, ni futi ngapi? Bati ni geji (unene) gani, na lina rangi au ni lile jeupe la kawaida? Kuna dari yoyote kwa sasa? Nyaya za umeme zimepita wapi? Mkataba wako umebakiza muda gani, na bajeti yako ni kiasi gani? Anayekuambia "chukua hiki" kabla ya kuyajua hayo anakuuzia, hakushauri.

Mwalimu_Nyegezi

Tukisubiri majibu ya mtoa mada, niseme la msingi, kwa sababu naona neno "gesi" limeshamvuta.

Karibu kila kihami cha kawaida ni gesi iliyozuiwa isitembee. Stairofomu ni hewa kwa takribani asilimia 98, na kilichobaki ni plastiki ya kuifungia hewa hiyo. Hewa iliyotulia hupitisha joto kiasi cha wati 0.026 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Agoni ni 0.018 hivi, kriptoni, gesi nyingine ya aina hiyo, ni chini ya 0.01, na stairofomu, pamoja na plastiki yake, ni kama 0.036. Kwa hiyo ni kweli kwamba agoni inaishinda hewa kwa karibu theluthi moja. Paneli ulizosoma zilitoka kwenye maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, na ziliandikwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini zile si mifuko mitupu. Nje kuna plastiki maalumu isiyopitisha gesi, na ndani kuna tabaka nyingi za plastiki nyembamba iliyopakwa aluminiamu, zinazoigawa gesi katika vyumba vidogo. Tabaka hizo ndizo zinazozuia gesi isizunguke na ndizo zinazozuia mnururisho, yaani joto linalorushwa kutoka uso mmoja hadi mwingine bila kugusana. Ukijaza agoni kwenye mfuko usio na kitu ndani, mnururisho utaipita gesi hiyo kana kwamba haipo.

Chini ya bati, mnururisho ndio adui mkubwa. Joto linatoka juu kuja chini, hewa ya moto tayari iko juu, kwa hiyo haina sababu ya kuzunguka. Joto linalokufikia kichwani linarushwa na bati lenyewe. Chukua bati la nyuzi 60 linalotazamana na uso wa nyuzi 30. Nyuso zote mbili zikiwa kama nyeusi kabisa, wati 219 huvuka kwa kila mita ya mraba kwa njia ya mnururisho peke yake. Uso mmoja ukiwa foili safi, ambayo hurusha kama asilimia 5 tu, zinabaki wati 11 hivi. Kubadilisha hewa kwa agoni hakuwezi kukupa tofauti inayokaribia hiyo.

MwenyeDuka_Igoma

Nashukuru sana, Mwalimu. Fundi, fremu ni kama futi 10 kwa 13, bati ni geji 30 lenye rangi ya maruni, dari hakuna, na nyaya zimelala juu ya kenchi. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja.

Mama_Saluni_Kirumba

Mdogo wangu, kabla hujanunua hiyo foili yenye mapovu, nisikilize.

Niliweka karatasi hiyo kwenye saluni yangu ya zamani. Muuzaji alikuja na fundi wake, akanihakikishia kwamba "hewa iliyofungwa ndani ya mapovu" itamaliza joto lote. Fundi akapaka gundi upande mmoja wa karatasi na kuibandika moja kwa moja kwenye bati, bila kuacha nafasi hata ya kupitisha kidole. Ilipendeza kwa macho, saluni ikang'aa, wateja wakasifia. Joto, hata hivyo, nililiona lile lile. Jua la mwezi wa tisa lilipokaza, gundi ikalainika, karatasi ikaanza kushuka vipande vipande, na mapovu ya katikati yakawa bapa: ukiyabonyeza yanabaki yamelala, hayarudi. Mvua za vuli zilipoanza ikazuka shida nyingine. Alfajiri nilikuwa nakuta matone kwenye viti na kwenye vioo, nikadhani bati limetoboka. Fundi mwingine alipopanda alikuta bati halina tundu hata moja. Ulikuwa ni mvuke wa saluni unaopenya nyuma ya karatasi iliyobanduka, ukigusa bati lililopoa usiku unageuka maji.

Nilipohama ndipo nilipoumia zaidi. Karatasi haikutoka nzima, gundi ilibaki imeganda kwenye bati, mwenye nyumba akataka nilipe gharama ya kulisafisha, na muuzaji akawa hapokei simu. Kwa mtu anayesema anataka kitu cha kuondoka nacho, naona hii haifai kabisa.

FundiPaa_Nyakato

Pole sana dada yangu, lakini kosa hapo ni la aliyeibandika, karatasi haina hatia. Foili ikigusa bati inapokea joto kwa kugusana, na kung'aa kwa upande huo hakuna maana tena. Karatasi ile ina unene wa milimita 4 hivi, na mapovu yake peke yake yanazuia joto kidogo sana. Nafasi ya hewa kati yake na bati ndiyo inayofanya kazi, na mimi siachi chini ya sentimita 5.

Kwa fremu ya kupanga mimi hutengeneza fremu za mbao za inchi moja kwa mbili, navuta karatasi juu yake na kuipiga pini pembeni, kisha kila fremu naining'iniza kwenye kenchi kwa kulabu na waya. Siku ya kuhama unafungua kulabu, unapanga fremu kwenye kirikuu, unaondoka. Na hayo matone yangeweza kutokea hata bila kihami, kwa sababu bati hutoa jasho alfajiri popote palipo na mvuke.

Mama_Saluni_Kirumba

Kabla ya karatasi hatukuwahi kuona matone, fundi. Mvuke ulikuwa unatoka nje kupitia uwazi wa juu ya ukuta, na fundi yule aliuziba ili kazi "ikamilike".

Welda_Mabatini

Naona agoni inasukumwa pembeni haraka mno. Mimi naitumia kila siku. Ni gesi isiyoungua, haina harufu, haishambulii chuma wala plastiki, na madirisha ya vioo viwili ya Ulaya hujazwa gesi hiyo hiyo. Mtoa mada anaweza kupata mifuko mizito yenye foili ndani, kama ile ya kufungia kahawa ya Kagera, akaijaza gesi na kuiziba kwa pasi ya moto. Hiyo foili ya mfuko itazuia mnururisho ambao Mwalimu anausema, na gesi itazuia joto lililobaki. Angalizo langu ni moja: usijaze mfuko ukabana. Gesi iliyojazwa kwa nyuzi 25 ikifika nyuzi 60 hutanuka kwa asilimia 12 hivi, na mfuko uliobana utapasuka kwenye mshono.

Mwalimu_Nyegezi

Hoja ya mifuko ya kahawa ni nzuri kuliko nilivyotarajia kuikuta hapa, na hilo la kutanuka ni sahihi. Tatizo langu ni muda. Dirisha la Ulaya limezibwa kwa kioo na chuma, na hata hilo huruhusiwa kupoteza gesi kidogo kila mwaka. Mfuko wa plastiki ulioungwa kwa pasi huvuja kwenye mshono, na ukipitisha agoni nje huingiza hewa ndani bila wewe kuona badiliko lolote, kwa hiyo baada ya muda utakuwa na mfuko wa hewa uliolipia bei ya agoni. Mnaofanya kazi na mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, pale soko la samaki la Mwaloni mnajua bondo la sangara lilivyo na ukuta wake wa kipekee; samaki anabaki na gesi yake kwa sababu ya ukuta ule, na paneli za gesi nazo thamani yake yote iko kwenye ukuta.

Nesi_Bugando

Samahani kwa kuingilia. Agoni haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na humfanya mtu akose oksijeni bila kuhisi chochote. Kuna maduka mengi ambamo kijana hulala usiku kulinda. Mifuko hiyo ikipasuka usiku mlango ukiwa umefungwa, itakuwaje?

Mwalimu_Nyegezi

Swali la maana sana, tulifanyie hesabu. Futi 10 kwa 13 ni karibu mita 12 za mraba. Mifuko yenye unene wa sentimita 5 itabeba mita za ujazo 0.6 za gesi. Nikikadiria kuta za mita 3, chumba kina mita za ujazo 36. Mifuko yote ikipasuka kwa pamoja, agoni itakuwa chini ya asilimia 2 ya hewa ya chumba, na oksijeni itashuka kutoka karibu 21 hadi kati ya 20 na 21. Hapo mtu hadhuriki. Hatari iko kwenye mtungi, ambao una gesi mara nyingi zaidi ya hiyo. Mtungi usilazwe ndani ya fremu, na mifuko ijazwe nje, mahali pa wazi.

MtuWaVisiwani_Ukerewe

Mbona stairofomu mmeiruka? Sisi tunaokaa na samaki tunaijua. Maboksi ya stairofomu yanabeba sato na barafu kutoka visiwani hadi mjini, na barafu inafika. Kibao cha sentimita 5 ni chepesi, mtoto anakinyanyua, unakikata kwa kisu kikali, unakichomeka kati ya mbao, na siku ya kuhama unakichomoa. Hakuna gesi ya kuvuja wala foili ya kupauka. Kikipata ufa bado kinafanya kazi, kwa sababu hewa yake iko kwenye vitundu vingi mno, si kwenye mfuko mmoja.

FundiPaa_Nyakato

Kwa kuzuia joto sikupingi. Ila jamaa amesema nyaya zimelala juu ya kenchi, na kwenye fremu nyingi ninazopanda nyaya hizo hazina hata bomba. Stairofomu ya kawaida ikishika moto inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni mweusi na wa sumu. Lile boksi la samaki halikai juu ya waya wa umeme. Zaidi ya hapo, panya na sisimizi huitoboa na kuishi humo, na mwenye duka la dawa hahitaji panya darini. Kama ni lazima uitumie, anza kwa kuingiza nyaya kwenye mabomba.

MkaaMawe_Kitangiri

Wote mnaongelea paa. Sisi tunaokaa juu ya mawe tunajua kwamba joto lina njia nyingi. Mwamba ulioshika jua mchana kutwa unatoa joto hadi usiku wa manane. Naomba mtoa mada aseme mlango wa fremu unatazama wapi.

MwenyeDuka_Igoma

Unatazama magharibi. Ni geti la chuma la kukunja, na kuanzia saa tisa jua linalipiga moja kwa moja hadi linapozama.

MkaaMawe_Kitangiri

Hilo ungelisema mwanzoni, ndugu yangu. Hata ukiweka paneli za California darini, chuma hicho kitaendelea kurusha joto kwenye rafu zako. Weka turubai au chandarua cha kivuli mbele, mita moja kutoka getini, upepo wa ziwa upite katikati.

Mwalimu_Nyegezi

Naunga mkono, na niongeze kwamba kihami hakizalishi ubaridi. Mwanza kivulini mchana mara nyingi ni nyuzi 27 hadi 30, kwa hiyo kazi nzima ni kukiondoa kile kinachoongezwa na bati na geti, kisha kuacha hewa itoke juu ya ukuta, kama alivyogusia Mama Saluni. Siku ambazo nje penyewe ni 30, hakuna mfuko wala foili itakayoiokoa rafu ya juu. Dawa zihamie rafu ya chini. Kwa paa ningechagua fremu za fundi, foili ikiwa na upande unaong'aa unaotazama chini pia, kwa sababu upande wa juu utashika vumbi na kupunguza nguvu, ilhali wa chini hubaki safi.

Welda_Mabatini

Basi ajaribu nusu kwa nusu: upande mmoja fremu za foili, upande mwingine mifuko ya agoni, kipimajoto kila upande. Mtungi wa shemeji yake upo, atapoteza nini?

FundiPaa_Nyakato

Chumba cha futi 13 hewa yake inachanganyika. Vipimajoto viwili vitasoma karibu sawa na hatajua kilichosaidia. Kama ni kupima, apime joto la uso wa chini wa kila kihami, kipimajoto kikigusa. Na bado hajaniambia kenchi iko futi ngapi kutoka sakafuni.

MwenyeDuka_Igoma

Nitapima kesho, fundi. Ya geti sikuwa nimeyafikiria hata kidogo. Nitaongea na mwenye nyumba kuhusu turubai, kwa kuwa mwaka jana alimkatalia jirani yangu.

Sengerema_Kuku

Naomba kudandia hapa hapa. Mimi nina banda la vifaranga lenye bati, na nahitaji kihami ninachoweza kukishusha na kukiosha kila ninapobadilisha kundi. Hizo fremu za foili zinavumilia kuoshwa kwa dawa?

FundiPaa_Nyakato

Inategemea dawa. Zenye klorini na zenye magadi makali hula aluminiamu. Unatumia ipi, na banda lina ukubwa gani?