Wenye wazee waliopigana Vita ya Kagera, tupeane walichowasimulia

Mwana wa Bahi
Habari za jioni ndugu zangu. Juzi nilikuwa Bahi kwa mzee, umeme ukakatika tukatoa viti nje, na ndo mara ya kwanza ananisimulia vita mwanzo mwisho. Miaka yote nilijua tu alikuwa mgambo, akaenda Uganda akarudi, basi. Wazee wanaondoka jamani, nimeona nisikae nayo peke yangu.

Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978 waliisikilizia kwenye redio moja pale kijijini, ilipofika ile sehemu ya uwezo, sababu na nia anasema hakuna aliyekohoa. Yeye alikuwa na miaka 22. Wakapanda treni stesheni ya Dodoma mpaka Mwanza, halafu meli mpaka Bukoba. Sisi Wagogo mvua tunaiomba, kule wakaikuta inanyesha mchana na usiku, kwa hiyo kilichomtesa mwanzoni sio risasi ni miguu, viatu havikauki wiki nzima mpaka ukivua soksi ngozi ya kisigino inatoka nayo.

Sasa Lukaya, kule Uganda, Machi 1979. Alikuwa Brigedi ya 201, wengi mgambo kama yeye. Barabara imepita katikati ya kinamasi, huku maji huku maji. Tarehe 10 roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amini zikaanza, nyingi zikawapita juu zikaanguka mbali ila ule mlio hawajawahi kuusikia, watu wakatawanyikia kwenye matete. Yeye akakesha maji yako kifuani, bunduki ameishika juu ya kichwa. Na kinachowatisha ni kwamba askari wa Amini nao wanaongea Kiswahili, kwahiyo gizani ukisikia mtu anaongea hujui ni wenu au ni wao. Akasikia matete yanatikisika karibu kabisa, akajikuta amesema kwa sauti ya chini "mbukwa", salamu yetu, na kule gizani mtu akamuitikia kwa Kigogo. Kumbe ni kijana wa Mvumi. Wakashikana mikono humo majini mpaka kunakucha, kesho yake Brigedi yetu ya 208 ikawatokea adui kwa nyuma.

Yule wa Mvumi alikufa kabla hawajaingia Kampala, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, yaani mwezi mmoja tu. Mzee alipofika hapo akanyamaza, akaomba maji.

Leteni na nyie.

Zabibu Kongwa
Pole kwa mzee, mpe shikamoo yake. Mimi nina ya bibi. Anasema siku babu aliporudi akina mama walitoa ngoma za muheme, vigelegele kijiji kizima, ye akapita katikati yao kama haoni mtu akaenda kukaa chini ya mbuyu. Usiku kitanda kikamshinda. Akatandika ngozi nje, karibu mwaka mzima analala nje, na bibi akahamia nje na yeye na mtoto mchanga mgongoni. Watu wakasema karogwa. Bibi hakumuuliza kitu, alikuwa anampikia mlenda na ugali wa uwele tu, na ukizingatia kipindi kile cha kufunga mkanda sabuni hakuna sukari hakuna, baadae tukaja kula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Wanaimbwa wapiganaji lakini hawa mama waliowarudishia akili nyumbani hata jina hawana, hili linaniuma sana.

Mtu wa Mpwapwa
Baba mdogo haongei kabisa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anavaa shati jeupe, anawasha redio asubuhi, anasimama wima mpaka wamalize kuweka mashada. Tukiwa watoto tulikuwa tunasimama nyuma yake.

Mhaya wa Area C
Mwana wa Bahi, mashujaa wetu wengi wamelala Kaboya, wilaya ya Muleba, yako makaburi ya jeshi pale, mamia. Nyumbani kwetu sio mbali. Mlete mzee amtafute mwenzie, mtafikia kwetu, hamtalala gesti.

Mwana wa Bahi
Mkuu nimemsomea hii sasa hivi. Amekaa kimya muda mrefu halafu ameuliza kitu kimoja tu, Julai kule kunanyesha? Anataka kujua avae viatu gani.

Mhaya wa Area C
Mwambie Julai ni kiangazi baba. Pakavu kabisa.