Watu sita, gari moja: tunafuata uzi na sufu wikiendi nzima, nipangeje?

Mfumaji Mvivu: Wadau, habari za saa hizi. Wikiendi ijayo tunatoka sita kwenda kununua uzi na sufu ya kusokota. Mara ya mwisho tulirudi hatuongei: mwenzetu mmoja alitusimamisha dukani masaa matatu, nami nikanunua madonge ya sweta ambayo nyumbani yalionekana rangi mbili. Safari hii wawili ndio kwanza wanajifunza kusokota, na wanaililia merino, ile sufu laini ya kondoo wa merino.

Pia Haichoki: Pole mkuu. Hukusoma kwenye lebo namba ya mkupuo wa rangi, yaani madonge yaliyotiwa rangi pamoja. Rangi ileile ikitiwa siku mbili tofauti haitoki sawa, na taa za dukani zinaficha. Toka na uzi mlangoni uutazame juani. Halafu piga hesabu kwa mita, si kwa gramu: gramu 100 za uzi mwembamba zafika mita 400, za uzi mnene wakati mwingine hata 150 hazifiki. Sweta ya mtu mzima kwa uzi wa wastani hula mita 1,000 mpaka 1,500. Chukua na donge moja la ziada.

Bi Sufu: Hao wanafunzi wasahau merino kwanza. Nyuzi zake ni laini na fupi, zinakuponyoka kabla msokoto haujashika. Wape sufu yenye ukakasi kidogo, nyuzi zake urefu wa sentimita 10 hivi, iliyokwisha kuchanwa kama nywele. Mkikuta sufu mbichi, isiyofuliwa bado, shika kishungi chake ncha zote mbili, kivute karibu na sikio. Kikilia kama kinakatika, iacheni, itakatika kwenye pia ya kusokotea. Na mkinunua ya kondoo mzima kwa pamoja, msigawane palepale! Mafuta na uchafu vikitoka, kilo moja yaweza kubaki nusu. Fueni, kausheni, ndipo mpime.

Dereva wa Mke Wangu: Mimi hata sindano sijui kushika. Semeni saa ya kurudi garini kabla hamjashuka, si baadaye.

Mfumaji Mvivu: Asanteni. Bi Sufu, hiyo mbichi tunaisafirishaje?

Bi Sufu: Mfuko wake peke yake, umefungwa. Ikiwa na mayai ya nondo, yakianguliwa viwavi watahamia kwenye uzi wa wenzako.

Kitambi cha Sufu: Mwenye masaa matatu ni mimi, na nimesoma yote. Nilikuwa natafuta madonge ya mkupuo mmoja.